Kabla ya Yamaha Kulikuwa na Fundi

Kampuni ya Yamaha ilianza na fundi aliyeitwa shuleni kurekebisha kinanda kilichoharibika. Si utani. Ilikuwa 1887, mji wa Hamamatsu, Japani. Torakusu Yamaha hakuwa mwanamuziki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa na vifaa vya hospitali, na hicho kinanda kilikuwa kitu cha ng'ambo, mali ya bei. Akakifungua, akaipata shida, na kabla ya kukifunga akachora vile kilivyoundwa ndani. Kisha akaenda kuunda chake. Cha kwanza yeye na mwenzake walikibeba begani hadi Tokyo, wakivuka milima ya Hakone kwa miguu, na walipofika wakaambiwa sauti zake hazijakaa sawa. Akabaki huko akasomea mambo ya sauti, akarudi akaunda kingine. Ile alama ya Yamaha unayoiona kwenye pikipiki, vile vyuma vitatu vilivyopishana, ni vyuma vya kupimia sauti ya ala za muziki.

Naandika haya juu hapa Kawangware 56, nyuma ya gereji moja, kuna Yamaha AG100 ambayo niliinunua kwa elfu kumi na tano. Nilipoipata ilikuwa haiwaki, haisukumiki, tanki imejaa kutu na kuku walikuwa wamejitengenezea kiota chini ya kiti. Wasee wa stage walinicheka wiki nzima. "Hiyo doo si ungeweka deposit ya Boxer?" Nimeskia. Lakini Boxer ingenipa kazi tu. Hii imenipa stori ya miaka mia moja, nati moja baada ya nyingine.

Wacha nitoe hoja yangu mapema ndio usiseme nimekuzungusha. Kenya hatukukosa mikono ya kuunda vitu. Mafundi tulikuwa nao, wa aina ile ile ya Hamamatsu. Kilichokosekana ni nchi ya kumfungulia fundi mlango wa pili, ule wa kutoka kurekebisha hadi kuunda. Na sahii hata ule mlango wa kwanza, wa kurekebisha, unaanza kufungwa, na sisi tunapiga makofi.

Kwanza mjue hii pikipiki ni gani. AG imetokana na neno la Kiingereza la kilimo. Yamaha waliiunda miaka ya 1970 wakiwalenga wakulima wa Australia na New Zealand. Injini yake ni ndogo, cc 97. Cheni imefunikwa yote ndio matope yasiingie. Stendi iko pande zote mbili, ushuke upande wowote unaotaka. Haikuundwa kukimbia. Iliundwa isife.

Huku kwetu hizi pikipiki ziliingia na ofisi na miradi: afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, mtu wa chanjo, mtu wa maji. Kama mzazi wako alilelewa ushago miaka ya 1980 ama 1990, muulize kuhusu pikipiki ya afisa. Atakuambia ilikuwa inasikika kutoka ridge ya pili kama mbu mkubwa, na watoto wanaifuata mbio. Pikipiki ilikuwa chombo cha mtu wa ofisi. Bodaboda wakati huo ilikuwa baiskeli. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani, Busia, ambako watu wa baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda.

Angalia hizi namba. Mwaka 2005, pikipiki zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250. Kufikia 2010, zilizosajiliwa kwa huo mwaka mmoja pekee zilipita 100,000. Kila kijana mwenye reflekta pale 56, na kila mmoja anayengoja abiria karibu na Toi kule Kibera, amekalia uamuzi mmoja wa bajeti. Hiyo AG yangu ni ya kabla ya mafuriko.

Sasa, kama iliundwa isife, mbona ilikufa?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwandishi Mwingereza wa habari za pikipiki, Barry Coleman, na mwanamashindano Mmarekani, Randy Mamola, walienda Somalia kuona kazi za misaada ya watoto. Wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa, nyingi bado changa. Hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa zimekosa mambo madogo: oili, cheni kukazwa, mtu wa kuziangalia kabla hazijaharibika. Wafadhili walikuwa wamelipia pikipiki bila kulipia fundi. Kutokana na safari hiyo Coleman, mke wake Andrea na Mamola wakaanzisha Riders for Health, na mwaka 1991 wakaanza kazi Lesotho wakiwa na wazo rahisi sana: pikipiki ihudumiwe kwa ratiba, kabla ya kulia.

Yangu ilikufa hivyo hivyo. Mzee aliyeniuzia aliinunua kwa mnada ikiwa tayari imelala. Kwenye mita, kilomita hazijafika hata elfu thelathini. Ilikufa ikiwa kijana.

Fundi wangu namuita Mzee tu, na yeye ananiita kijana, hata mbele ya wateja. Siku ya kwanza hakugusa spana. Aliniuliza logbook iko wapi, akalinganisha namba ya chesisi na ya injini, ndio akakubali ibaki kwake. Kisha akatoa plagi, akamimina dizeli kwenye hilo tundu, akasema turudi baada ya siku tatu. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kwa nyundo unavunja, ukingoja dizeli inapenya pole pole. Siku ya nne akasukuma na kipande cha mbao, ikashuka. Silinda ilipotoka akaniita nichungulie ndani. "Unaona hayo matundu ya kando? Hapo ndipo akili yote iko."

Alikuwa sawa, na hayo matundu yanatoka mbali. Hii ni injini ya mipigo miwili, ile mafundi wanaita tustroki. Haina valvu kama za Boxer. Petroli mbichi inaingia kwa matundu ya ubavuni na moshi unatoka kwa tundu lingine, zote karibu wakati mmoja. Shida ya zamani ilikuwa petroli mbichi kutoroka na moshi. Miaka ya 1920, Mjerumani Adolf Schnürle aliyaelekeza matundu ya kuingilia kwa pembe, ndio petroli ipande juu, izunguke kama maji kwenye karai, na isukume moshi nje. Kampuni ya DKW ya mji wa Zschopau, Ujerumani, ikaichukua hiyo mbinu, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa kati ya waundaji wakubwa zaidi wa pikipiki duniani. Moja ya pikipiki zake ndogo iliitwa RT 125.

Vita vikaisha, Ujerumani ikashindwa, na mchoro wa RT 125 ukawa kama mali ya umma. Waingereza wa BSA wakaunda Bantam. Harley-Davidson wa Marekani wakaunda yao ndogo ya cc 125. Wasovieti wakaunda yao. Na Japani, kampuni ile ya vinanda, ambayo wakati wa vita ilikuwa inatengeneza mapanga ya ndege, ikabaki na mashine ambazo hazina kazi. Mwaka 1955 wakazitumia kutoa YA-1, pikipiki ya kwanza ya Yamaha. Nayo ilifuata RT 125.

Rudia hiyo pole pole. Yamaha ya kwanza ilikuwa nakala. Harley ilikuwa nakala. Bantam, iliyobeba posta na polisi katika nchi nyingi za Waingereza, ilikuwa nakala. Wao wakikopi inaitwa historia ya viwanda. Sisi tukikopi inaitwa feki.

Na Honda? Soichiro Honda aliacha shule akiwa na miaka 15, akaingia gereji moja ya Tokyo mwaka 1922 kujifunza kazi. Miezi ya kwanza alikuwa anafagia na kumbeba mtoto wa bosi. Kama umewahi kuanza kazi ya gereji huku mtaani, hiyo unaijua: unaosha spana na kutumwa chai hadi siku mtu akuamini na nati. Mwaka 1946, Japani ikiwa imebomoka na watu hawana usafiri, alipata injini ndogo zilizokuwa za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Watu wakazinyakua. Zilipoisha, karibu 500, akaunda injini yake. Mwaka 1958 Honda wakatoa Super Cub, na kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichowahi kufika hapo.

Ona hatua zake. Kurekebisha, halafu kuunganisha, halafu kuunda. Hakuna aliyeruka. Na Honda, Yamaha na Suzuki zote tatu zimetoka upande mmoja wa nchi, Hamamatsu na viunga vyake. Miaka ya 1950 Japani ilikuwa na waundaji wa pikipiki zaidi ya mia moja, wengi wao gereji ndogo tu. Wengi walikufa. Waliobaki wakawa wale unaowajua. Lakini walipokuwa wanajifunza, serikali yao ilikuwa imebana pesa za kigeni, kwa hivyo haikuwa rahisi kumwaga pikipiki za nje sokoni. Walipewa muda wa kuharibu na kurudia.

Sasa rudi Nairobi, mwaka ule ule wa 1922. Honda anafagia gereji Tokyo. Hapa, mwanaume Mwafrika anatembea na kipande shingoni tangu 1920, na ndani yake imeandikwa mwajiri wake ni nani na analipwa ngapi. Mji unamhesabu kama mgeni aliyekuja kutumikia mtu. Gereji na karakana ziko mikononi mwa Wahindi, wengi wao mafundi waliokuja na reli ama waliowafuata, na juu yao wako Wazungu. Mwafrika anaingia kama msaidizi. Anashika spana, anashikilia taa, anaangalia.

Lakini kuangalia ni shule. Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kuhusu hawa watu mwaka 1977, akionyesha vile ujuzi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi ukaingia kwa Waafrika, kisha Mwafrika mmoja akamfundisha mwingine kando ya barabara, bila cheti na bila darasa. Mzee wangu ni mtoto wa huo mlolongo. Alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alikuwa msaidizi kwa gereji ya Muhindi kule Ngara. Hadi leo kuna spana anaziita kwa majina aliyoyarithi huko.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilituma wataalamu Kenya kuchunguza mambo ya ajira. Ripoti yao ndiyo ilieneza duniani kote hilo jina la "sekta isiyo rasmi". Ilisema hawa watu wa vibanda wanazalisha kweli, na serikali iache kuwabomolea. Yaani fundi wa Nairobi alisaidia kuipa dunia nzima somo la uchumi, na bado askari wa kanjo walikuwa wanambebea vifaa. Jina la jua kali lenyewe linasema yote: watu wanaofanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo vibanda vikaanza kujengwa. Paa ni kitu kizuri. Lakini paa si mkopo, si mashine, si oda ya serikali.

Mwaka uliofuata, 1986, Moi akaomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama halitapendeza. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikazinduliwa pale Kasarani, magari matano. Ziliendeshwa kweli. Kisha pesa za kujenga kiwanda hazikupatikana na mradi ukalala, kama AG yangu tu. Watu huucheka huo mradi. Mimi sicheki wale mainjinia, walifanya kazi kubwa. Naona tu tulianzia ngazi ya tatu. Gari liliombwa juu, kwa mainjinia, wakati pale chini Kamukunji kulikuwa na maelfu ya mikono iliyokuwa tayari kwenye ngazi ya kwanza na ya pili, na ikapewa mabati.

Usifikirie hiyo mikono ni ya kubahatisha. Silinda yangu ilikuwa na mikwaruzo, kwa hivyo tuliipeleka Gikomba kwa fundi wa kukereza. Akapima kwa chombo cha kupimia tundu, akaliongeza upana kidogo tu, upana wa unywele, ndio pistoni ya saizi ya juu ikae. Pistoni tuliipata Kirinyaga Road baada ya kuzunguka maduka tisa. Gasketi ya kava moja haikupatikana, kwa hivyo Mzee aliikata mwenyewe: akaweka karatasi ngumu juu ya chuma, akagonga pole pole na kinyundo kufuata ukingo hadi umbo likatokea. Sili za krankishafti tulibadilisha zote mbili, juu tustroki ikipitisha hewa hata kidogo pale chini, haivuti petroli vizuri na inaweza kujiunguza. Tanki tulitia siki na kokoto tukaitikisa kwa zamu mbili za jioni hadi maji yakatoka ya rangi ya chai. Pampu ya oili Mzee hakuiamini baada ya miaka yote hiyo, akaifunga. Sahii nachanganya oili na petroli kwa mkono kabla ya kumimina.

Iliwaka Jumamosi, kiki ya kumi na mbili. Moshi ulijaa hadi mama wa chapati akahama. Mzee alisikiliza kama dakika mbili, akageuza skurubu ya kabureta robo mzunguko, sauti ikatulia. Hakuna tarakilishi. Ni sikio.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, na sisemi mtu aache shule. Nasema tu miezi mitatu pale nyuma nimesoma historia, kemia ya kutu, hesabu ya milimita na uchumi wa Kenya kutoka kwa mtu ambaye kwa fomu zote za serikali ameandikwa hana elimu ya kiufundi.

Sasa kwa nini hii ni haraka. Pikipiki za umeme zimefika, na mimi niko upande wao. Hewa ya Naivasha Road jioni haihitaji moshi wangu wa tustroki, na bei ya petroli mnaijua. Kampuni kama Spiro na Ampersand zinakuuzia pikipiki lakini betri inabaki yao, chaji ikiisha unaibadilisha kituoni. Kwa dereva hiyo ni nafuu, betri ni ghali. Lakini jiulize Mzee anaingilia wapi. Ndani ya hiyo betri kuna kompyuta. Ndani ya kontrola kuna programu. Kama fundi wa mtaa hana mchoro, hana sehemu za kubadilisha na hana ruhusa ya kufungua, basi kazi yake inabaki ni tairi na breki. Kinanda kimeletwa shuleni, na Torakusu wetu ameambiwa asikiguse.

Wenzetu washaona hiyo hatari. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha, inayobana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa watengeneze mali waliyouza na wasimzuie fundi wa nje. Kama Mjerumani, aliyetupa hiyo mbinu ya matundu ya injini ya mipigo miwili, anahitaji sheria ndio afungue mashine yake, sisi tunangoja nini? Kampuni yoyote inayotaka kupunguziwa ushuru hapa itoe kwanza mwongozo wa ufundi, kwa Kiswahili, na iuze sehemu kwa bei ya kueleweka. Ifundishe mafundi wa 56, wa Kibera na wa Gikomba, isiwe tu wafanyakazi wake. Tuliondoa VAT mwaka 2008 bila kuomba chochote, tukapata ajira nyingi za kuendesha na viwanda vichache vya kuunganisha. Safari hii tuombe kitu.

Na wewe unayesoma, kuna kitu kimelala kwenu. Cherehani ya shosho, redio, jenereta, mkokoteni wa injini. Kabla hujakiuza kwa watu wa vyuma chakavu, kipeleke kwa fundi mzee wa karibu na ukae hapo kikifunguliwa. Beba kalamu. Chora unachokiona ndani.